Mpira wa Rejeta

Kila jioni, kabla hajaruhusiwa kwenda zake, fundi Hermínio alimimina zana zake juu ya mkeka ili Abdurrazaque, mwenye gari, ahakikishe kwamba hakuna kilichoibwa. Spana, bisibisi, nyundo, koleo, tambara, kopo la grisi. Abdurrazaque alichuchumaa, akakigeuza kila kitu kwa ncha ya kidole kama mtu anayechagua samaki wa jana, kisha akasema, "Haya, kusanya." Hakuwahi kukuta kitu. Hilo nalo lilimuudhi, maana mtu asiyekutwa na kitu siku zote ama ni mwaminifu mno ama ni mjanja mno, na Palma ya siku hizi, mji uliotoka vitani, haikuwa na subira na mmoja wala mwingine.

"Usinielewe vibaya, mestre," alimwambia siku ile ya kwanza. "Si wewe. Ni dunia."

"Dunia, ndiyo, patrão," alijibu Hermínio, kama mtu anavyomjibu bosi wake, akafunga mkoba wake.

Baada ya ukaguzi alipewa chai, nje, katika kikombe cha bati kilichotundikwa msumarini peke yake. Hermínio alikuwa Mmakonde wa bara, Mkristo, na Abdurrazaque alikuwa na hakika kwamba anakula nguruwe, ingawa hakuwahi kumwona akila kitu chochote zaidi ya mihogo ya nyumba ile. Kwa hiyo kikombe hakikuchanganywa na vyombo vya ndani. Sumaia, mke wa Abdurrazaque, ndiye aliyekiosha, na alikiosha nje kama alivyoagizwa. Hakuona sababu.

Land Rover alilokuwa akilitengeneza Hermínio lilikuwa kongwe kuliko mwenyewe, Abdurrazaque. Meneja wa kampuni moja ya minazi alimwachia marehemu baba yake Abdurrazaque wakati Wareno wanafunga virago, na tangu hapo likawa mali ya ukoo, miaka mingine likitembea, miaka mingine likilala. Vita vilipoingia mjini, Abdurrazaque alilificha kwenye shamba la minazi, akalifunika makuti, akakimbia na mke na mtoto kwa miguu. Waliporudi walikuta nyumba haina paa, lakini gari lipo, injini imejaa mchanga na nyigu wamejenga ndani ya kiti. Magari ya wenzake yote yalikuwa mabati meusi. Kwa nini lake limesalia? Watu waliulizana hilo, lakini si mbele yake.

Hermínio alitokea upande wa Awasse akiwa na mkoba wake, akasema amejifunzia kazi katika gereji ya Mueda. Alikuwa wapi wakati wa vita, waliomuuliza hawakulipenda jibu lake: "Porini, kama ninyi." Aliifumua injini yote, akaiosha chuma kwa chuma, akabadilisha ringi, akaagiza gasketi kutoka Mtwara. Siku ilipowaka, mtaa mzima ulitoka kuitazama. Wageni wawili wa Afungi, kwenye mradi wa gesi, waliokuwa wakipita wakasimamisha gari lao, wakashuka na simu zao, wakamwomba Abdurrazaque kwa ishara ya mkono asogee, maana alikuwa akiziba picha. Akasogea, akicheka, na mpaka leo hapendi kukumbushwa.

Biashara ya nyumba ile ilikuwa moja tu. Sumaia alinunua ng'onda, samaki waliokaushwa, pwani, gari likaipeleka kijijini Nhica do Rovuma, likarudi na mahindi na ndizi. Gari lisipotembea, walikula ile ng'onda yenyewe.

Na sasa gari lilikuwa linachemsha.

*

Ajabu yake ni kwamba mjini halikuwa na neno. Lilizunguka Palma kutwa nzima, mshale wa joto umetulia katikati. Likishika njia ya Nhica na kufika kwenye ule mpando wa mchanga kabla ya kijiji, mshale ulipanda ghafla, mvuke ukafumka kutoka chini ya boneti, injini ikazimika. Safari ya kwanza walisubiri ipoe, wakaongeza maji, wakageuza. Safari ya pili lilisimama pale pale, karibu na shina la mti lililoungua, mahali ambapo miaka ile ya vita watu waliteremshwa kwenye lori na hawakuonekana tena. Abiria waliruka kabla gari halijasimama sawasawa. Mmoja aliacha viatu vyake, na hakurudi kuvidai.

Kuanzia siku hiyo maneno yakaanza, na katika mji ule maneno hayakuwa mchezo. Gari gani linajua pa kuharibikia? Mjini zima, mpandoni bovu, tena mahali pale? Huyo fundi ametoka wapi? Nani amemtuma alitengeneze hivyo? Ng'onda za Sumaia zikakosa wa kusafiri nazo, na wanawake waliokuwa wakimwachia mizigo yao wakawa wanapita mbali na ua wake.

Sufo alikuja mwenyewe nyumbani. Alikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta, na ndiye aliyewaongoza walinzi wa kontrolo, kizuizi cha ukaguzi kwenye njia ya Nhica, akiwa na bunduki, shati la kijeshi na kandambili. Hakukaa.

"Ikisimama tena pale," alisema, "fundi wako atanieleza mimi. Na mimi nitampeleka kambini, aeleze huko."

"Ni haki yako, chefe," alisema Abdurrazaque.

Hermínio alikuwa chini ya gari. Miguu yake iliacha kutikisika. Aliyasikia yote, naye alijua kama walivyojua wote kwamba vijana wawili waliopelekwa kambini mwezi uliopita, kwa sababu ndogo kuliko hiyo, walikuwa bado hawajarudi, na mama zao walikuwa wameshaacha kupeleka chakula.

*

"Leo umetoa nini?" Abdurrazaque aliuliza siku iliyofuata, akiinama juu ya injini.

"Termóstato, patrão. Kidude hiki. Maji yakipata moto kinafungua njia. Kikikwama, maji hayapiti. Nimekitoa kabisa."

"Mwingereza alikiweka, wewe unakitoa?"

"Wote tunatoa."

Hilo lilikuwa kweli. Kuanzia Mtwara mpaka Pemba, gari likichemsha, kitu cha kwanza kutupwa ni hicho. Kwa injini ile ya zamani kukitoa ni kosa, maana maji hupata njia ya mkato na kurudi bila kupoa vizuri, lakini Hermínio hakulijua, na kosa hilo silo lililokuwa likiwasimamisha mpandoni. Alikuwa amekagua pampu, amekagua mkanda wa feni, amelegeza na kukaza upya kichwa cha injini, amenusa mafuta kuona kama yamechanganyika na maji. Kila kitu kilikuwa kizima. Injini ilimkalia kimya kama mgonjwa asiyetaka kusema panapomuuma.

"Kimebaki hiki," alisema, akiweka mkono juu ya mpira mnene wa juu, ule unaotoa maji ya moto kwenye injini kuyapeleka kwenye rejeta yakapoe. "Sijaufungua tangu niliposhindilia upande wa radiador. Nataka niuvue nione ndani."

"Huo usiuguse."

"Patrão, dakika tu."

"Mpira huo mgumu kama kuni. Ukipasuka, mwingine utaupata wapi? Mtwara hapana, Pemba hapana. Nimesema usiuguse." Kisha, kwa sauti ya chini: "Mbona unautaka sana?"

Hermínio aliuondoa mkono. Yeye mwenyewe alikuwa akiuogopa mpira ule. Aliufunga kwa waya kwa sababu klipu zake zilishaliwa na kutu, na tangu hapo alikuwa akiuzunguka, akifungua hiki na kile kandokando yake. Kukatazwa kulimpunguzia mzigo. Fundi naye ni mtu, na mtu hupenda kukatazwa lile asilolitaka.

Jioni alimimina zana. Abdurrazaque aligeuza hata tambara, akaangalia kila upande.

*

Sumaia alikuwa na shaka yake, na haikumhusu fundi.

Kabla ya safari ya kwanza mumewe alimletea karatasi iliyokunjwa mara nyingi, yenye maandishi ya mwalimu mmoja wa madrasa ya Quionga, akamwambia aishone hirizi. Alimwambia kwa kunong'ona, na alikuwa na sababu. Barazani Abdurrazaque alikuwa wa kwanza kusema kwamba hirizi ni mambo ya watu dhaifu, na kwenye kontrolo wanaume walipandishwa mashati. Aliyekutwa nayo aliulizwa anajikinga na risasi za nani. Sumaia alitafuta kipande cha kaniki nyeusi, na uzi uliokuwepo ulikuwa mwekundu, uliobaki kwenye gauni la binti yao Dalila. Akashona, mshono mdogo mdogo, akamkabidhi.

Tangu siku hiyo hakuiona tena. Si mkononi mwake, si kiunoni, si chini ya mto.

"Hirizi iko wapi?" alimuuliza alipokuwa akimpelekea maji ya kuoga.

"Ipo."

"Ipo wapi? Mwilini huna."

"Ipo panapoistahili, mama Dalila. Kila kitu mpaka uulize?"

Jibu hilo likamzalia Sumaia mwanamke kichwani. Kwanza alikuwa mwanamke tu, mahali fulani. Baada ya siku chache alikuwa muuza mikate wa karibu na lango la Afungi, mweupe wa wastani, mwenye pengo. Baadaye akahamia Nhica, kwa kuwa safari zote zilielekea huko. Sumaia alikuwa hajamwona na alikuwa ameshamchukia vya kutosha. Hirizi ambayo yeye ameishona kwa mkono wake, usiku mzima macho yakimuuma, imevaliwa na nani?

Kwa hiyo Abdurrazaque aliposema kwamba atajaribu safari nyingine, Sumaia alisema, "Nami nakuja."

"Kufanya nini?"

"Ng'onda ni zangu."

Asubuhi ya safari, kwenye kontrolo, Sufo alizunguka gari, akachungulia chini, kisha akafungua mlango wa mbele akaingia na bunduki yake. "Leo napanda mwenyewe," alisema. "Na huyo naye apande. Ikisimama, nataka awepo."

"Atakuwepo," alisema Abdurrazaque.

Sumaia alihamia nyuma, akakaa juu ya matenga. Hermínio alikaa upande wa pili, mkoba wake mapajani kama mtoto.

"Una familia, fundi?" Sumaia aliuliza walipokuwa wamepita mashamba ya mwisho. Alishangaa kwamba hajawahi kumuuliza.

"Mke na watoto wawili, mama. Wako Mueda. Nilimwambia mke wangu, hii gari ikitembea watu wataiona, kazi zitakuja."

"Zitakuja."

"Ikisimama, huyu mwenye bunduki atanipeleka kambini."

"Haitasimama, inshallah."

"Itasimama," alisema Hermínio. "Sijajua inaumwa nini."

*

Ilisimama. Mchanga ulianza, injini ikavuta pumzi nzito, na kabla hawajafika nusu ya mpando mvuke ukafunika kioo. Abdurrazaque alizima, na wote wakasikia maji yakitokota ndani ya chuma. Kando yao lilikuwa lile shina la mti. Sufo alishuka taratibu, akaiweka bunduki begani upya.

"Hapa hapa," alisema. "Mmeona wenyewe."

Hermínio alikuwa ameshafungua boneti. Woga ulikuwa umemfikisha mahali ambapo mtu hana tena la kuogopa, na kwa mara ya kwanza aliitazama injini bila kufikiri nini kitavunjika. Alisogeza kiganja karibu na kichwa cha injini, akakirudisha upesi. Akakisogeza kwenye rejeta. Akakiweka kabisa. Akakiacha hapo.

"Njoo, patrão. Weka mkono."

"Sina haja."

"Radiador ya baridi," alisema Hermínio, na sauti yake ilikuwa na mshangao mtupu. "Mota inaungua, radiador ya baridi kama mtungi. Maji hayafiki. Yanazuiwa njiani." Alishika mpira wa juu kwa tambara, akaufuata kwa vidole kutoka kwenye injini kwenda mbele. Upande huu ulikuwa moto. Karibu na shingo ya rejeta ukawa wa uvuguvugu tu. Akagonga hapo kwa mpini wa bisibisi, akasikiliza, akagonga tena. "Hapa. Pana kitu."

"Nimekwambia mpira huo usiuguse."

Sauti ya Abdurrazaque ilikuwa imebadilika. Sumaia, aliyekuwa akishuka nyuma, aliinua kichwa. Sufo alimtazama fundi, akamtazama mwenye gari.

"Kwa nini asiuguse?"

"Utapasuka, chefe. Tutalala hapa."

"Tumeshasimama. Upasuke, usipasuke." Sufo alimwelekezea Hermínio kidevu. "Fungua."

Hapo ndipo ile Jumapili ilipomrudia Abdurrazaque, nzima nzima. Hermínio alikuwa amekwenda kusali. Injini ilikuwa imeshafungwa, mpira umeshindiliwa upande wa injini tu, upande wa rejeta unaning'inia wazi, ukingoja waya wa Jumatatu. Abdurrazaque alisimama peke yake uani na hirizi mkononi. Akawaza: mwilini watanivua, chini ya kiti watapekua, lakini askari gani atafungua rejeta? Akasoma bismillahi akaisukuma ndani mpaka kidole kilipokoma. Alijisifu kwa akili ile. Haikumjia, hata mara moja katika safari zile mbili, kwamba kitambaa kikilowa kinavimba, na injini ikiongeza nguvu mpandoni maji yatakikokota mpaka shingoni na kukikaza hapo kama kizibo. Hirizi ni ya kuondoa shari. Ingewezaje kuileta? Kwa hiyo alimshuku fundi, na alimshuku kwa moyo wake wote.

Hermínio alikata waya. Akauzungusha mpira polepole, huku maji ya moto yakimchuruzika mikononi, na yeye hakuuachia. Mpira haukupasuka. Aliwapa wengine mgongo, akaingiza kidole kwenye shingo ya rejeta, akavuta, na kitu kikatoka: cheusi, kimevimba kama tende iliyoloweshwa, kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Hakuna mtu wa nchi ile, awe wa pwani au wa bara, aendaye msikitini au kanisani, asiyeijua hirizi akiiona. Hermínio akafumba ngumi, hirizi ikiwa ndani. Mtu anaweza kusema ulikuwa wema, na wema ulikuwamo. Lakini ilikuwa pia akili ya mtu aliyezoea kushukiwa: hirizi ikionekana pale, mbele ya bunduki ile, nani angekubali kwamba si ya Mmakonde aliyetoka porini? Kwa mkono wa pili alilichovya tambara lake katika maji yaliyomwagika, akaliinua juu likichuruzika.

"Tambara, chefe. Tambara langu. Niliziba vumbi lisiingie, nikalisahau."

Sufo alilitazama lile tambara. Kisha alimshika Hermínio shati, shingoni.

"Umelisahau. Kila safari likakumbuka kukusimamishia hapa."

"Nimekosa, chefe."

"Utayasema kambini. Panda."

Sumaia alikuwa upande wa pili wa boneti. Yeye aliuona uzi. Alikuwa ameuona kwa muda mfupi tu, kati ya vidole viwili, lakini mkono ulioshona haukosei mshono wake. Jambo la kwanza alilolisikia moyoni lilikuwa raha. Hapakuwa na mwanamke. Hapakuwa na muuza mikate wala mtu wa Nhica mwenye pengo. Kulikuwa na mpira wa gari. Alikaribia kucheka. Kisha akamwona Hermínio akisukumwa kuelekea mlangoni, ngumi moja imefumbwa, na ile raha ikamtoka.

Alimtazama mumewe. Alimpa nafasi, hilo Mungu ni shahidi.

"Baba Dalila," alisema. "Sema neno."

Abdurrazaque alikuwa akifuta kioo kwa mkono wa kanzu. Kioo kilikuwa kimeshatakata.

"Niseme nini? Fundi amekiri mwenyewe."

"Sema neno, baba Dalila."

"Mambo haya ni ya wanaume. Kaa pembeni."

Sumaia hakukaa pembeni. Alimpita, akasimama mbele ya Sufo, karibu kuliko inavyofaa mwanamke kumsimamia mwanamume mwenye bunduki.

"Tambara ni langu."

"Nini?"

"Nimeliziba mimi. Jumapili fundi alikuwa kanisani. Nilikuwa nafagia uani, nikaona ule mpira uko wazi na vumbi linaingia, nikaliziba. Nikasahau kumwambia. Anajisingizia bure, ananionea aibu. Kama ni kupeleka mtu, chefe, nipeleke mimi. Dalila utamkuta kwa mkeo."

Sufo alitazama tambara, jeusi la grisi, ambalo halikufanana na tambara la mwanamke yeyote. Hakuwa mjinga. Lakini kumpeleka kambini jirani yake, ambaye futari yake ilipita juu ya ukuta kila mwaka, lilikuwa jambo jingine na kumpeleka mpita njia. Alitaka mtu amsaidie kutoka, akamgeukia mwenye mke.

"Unamsikia?"

"Namsikia," alisema Abdurrazaque. Na hapo, kwa kuwa hatari ilikuwa imepita upande wake na kwenda kwa mwingine, pumzi zikamrudia, na sauti pia. "Mara ngapi nimekwambia usiguse usivyovijua? Wewe na injini wapi na wapi? Umetutia hasara, umenitia aibu mbele ya chefe, mtu nusura aumie kwa upuuzi wako. Mwombe radhi."

"Niwie radhi, chefe," alisema Sumaia.

"Na fundi."

Alimgeukia Hermínio. Walitazamana, na ni wao wawili tu pale waliotazamana usoni siku ile.

"Niwie radhi, fundi."

"Hakuna neno, mama."

Sufo akaliachia shati. Mume kumkaripia mke lilikuwa jambo analolielewa, akacheka kidogo, akawasha sigara. Hermínio alirudisha mpira, akaufunga kwa waya, akajaza maji kutoka kwenye dumu. Land Rover likapanda mchanga wote mpaka juu likinguruma vizuri, mshale umetulia katikati, na huko mbele Abdurrazaque alisikika akimweleza Sufo namna Waingereza walivyokuwa wakitengeneza vyuma vya kweli.

Nyuma, Sumaia alikuwa amekaa tena juu ya matenga, Hermínio upande wa pili. Ngumi ya Hermínio ilikuwa imeshafunguka. Kitu kilichokuwamo hakikuonekana tena.

*

Walirudi na magunia ya mahindi na ndizi mbichi. Kwenye kontrolo Sufo aliwaambia walinzi wenzake kwamba gari limepona, kosa lilikuwa la mwanamke, na kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa umelisikia. Wanawake wawili walikuja kuulizia nafasi ya safari ijayo. Mmoja alimwambia Sumaia, kwa upole wenye miiba, kwamba uwanja wa gari haufagiliwi hivyo. Sumaia akakubali.

Abdurrazaque alikuwa ameketi juu ya mkeka, amebadilisha nguo, amevaa kikoi. Hermínio alipomkaribia na mkoba, alimpungia mkono.

"Leo nenda tu, mestre. Hapana haja."

Hermínio alipiga magoti, akafungua mkoba, akaanza kutoa. Spana aliziweka kwa mstari, kubwa kwanza. Bisibisi. Nyundo. Koleo. Tambara, ambalo lilikuwa limekauka. Mwisho alifungua kopo la grisi, akatoa humo kitu kilichofungwa kwenye jani la mgomba, akakifungua, akakiweka mbele ya magoti ya Abdurrazaque. Kaniki nyeusi, uzi mwekundu. Kilikuwa kimeanza kunywea.

"Kagua, patrão. Hiki si changu."

Abdurrazaque alitazama mlangoni. Sumaia alikuwa amesimama hapo na sinia la chai.

Ingetosha kusema, ni changu. Fundi angeondoka na jina lake, mke angebaki na mume. Maneno yenyewe mawili. Abdurrazaque aliyafikia kabisa, halafu akaona nyuso mbili zinazomngoja na akachukia kungojwa.

"Sijui hiki ni cha nani," alisema.

"Pronto, basi," alisema Hermínio. Akaanza kurudisha zana mkobani, bila haraka, akakiacha kile kitu pale kilipo.

Sumaia alishuka kizingiti. Katika sinia palikuwa na kikombe cha udongo chenye maua, kimoja kati ya vile vya harusi yake, vilivyonusurika kwa kuzikwa mchangani. Alimpa Hermínio kwa mikono miwili. Hermínio alitazama kikombe, akamtazama yeye, akakaa chini akanywa. Alikunywa mpaka mwisho, wakati Abdurrazaque akitafuta pa kuangalia.

"Kesho utakuja?" Abdurrazaque aliuliza alipomwona anasimama. "Kuna breki."

"Gari imepona, patrão." Akamrudishia Sumaia kikombe. "Asante, mama. Ukipata mtu, mwambie atafute ile termóstato, airudishe. Nadhani nilikosea."

Akatoka. Nje alisikika akimjibu mtu salamu, kisha hakusikika tena.

Abdurrazaque alivuta pindo la kikoi chake taratibu mpaka likaifunika hirizi. Akakohoa. Akasema kwamba safari ijayo wataongeza matenga, kwamba Mungu amesaidia, kwamba mpira ule kumbe bado una nguvu. Sumaia alikwenda ukutani, akatungua kikombe cha bati kutoka msumarini, akakijaza chai, akakiweka mbele ya mumewe.

Abdurrazaque alikitazama.

"Mbona hiki, mama Dalila?"

"Kunywa," alisema Sumaia. "Nitakiosha nje."